Damu Yangu kwenye Kipimo Chako

Mwanangu Anjelina,

Umekwenda kuwaaga rafiki zako kina Happy, na bibi amekufuata nyuma amejifunga kitenge chake cha kanisani kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Nimebaki peke yangu ndani. Nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua karibu na dirisha, naandikia kwenye goti, na begi lako liko mbele yangu tayari. Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni, ule wenye zipu mbovu inayofunguka kwa kubembelezwa. Usiisome kwenye basi. Isome ukishakaa kwao siku kadhaa na ukishajua choo kiko wapi.

Mambo ya sindano siyaandiki. Unajua kuiviringisha chupa viganjani bila kuitikisa, unajua kubadilisha paja, unajua kuondoa hewa. Tangu darasa la tatu unajichoma mwenyewe, mimi ndiye niliyekuwa nafumba macho. Akija mtu huko akasema anakufundisha, mwache akufundishe. Usimwaibishe.

Naandika kwa sababu jana ulipokuwa unakunja sare zako uliniuliza swali, na mimi nikajifanya natafuta sabuni. Ulisema, "Mama mdogo, kama namba zangu zingekuwa nzuri, wangeniacha nikae?"

Unanijua. Nikiulizwa jambo zito uso kwa uso, ulimi unakauka, hata kama anayeuliza ni wewe. Walimu waliniandikia kwenye ripoti kwamba mimi ni mpole, na bibi alifurahi akaonyesha majirani. Ule haukuwa upole. Ulikuwa woga, na woga ule umetugharimu. Kwa karatasi ninaweza kusema, kwa hiyo nasema hivi: namba zako hazikukuondoa hapa. Zilizokuondoa ni zangu.

Nitaeleza yote, hata unayoyajua, kwa sababu utaisoma barua hii sasa na pengine utaisoma tena ukiwa mtu mzima, na watakuwa wameshakusimulia kwa namna yao.

Mama yako Paulina alipofariki ulikuwa hujaanza kutembea, na mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kwetu dada yako akifa na kuacha mtoto, huulizwi kama unataka kuwa mama. Umeshaitwa mama mdogo tangu siku mtoto anazaliwa, na mkubwa asipokuwepo mdogo ndiye anayebaki. Bibi alikubeba mgongoni, mimi nilikubeba kiunoni, na nilivyokuwa mwembamba ulikuwa unateleza mpaka magotini. Baba yako alikuwa migodini kama alivyo mpaka leo. Watu wa kwao walikuja msibani, wakasema mtoto akae kwanza kwa bibi yake, akikua wataangalia. Ng'ombe wa mahari walishatolewa zamani, kwa hiyo kwa desturi yetu ulikuwa wao hata ulipokuwa unalala ubavuni kwangu. Sikulifikiria hilo. Nani anafikiria ng'ombe wakati mtoto anamkojolea?

Ulipougua, ndipo walipoangalia.

Ulianza kukonda, ukawa unakunywa maji ya kisimani kama ng'ombe aliyetoka malishoni, unaamka kila mara kwenda nje. Tulikupa dawa ya minyoo. Hospitali waliposema ni kisukari, mzee mmoja hapa Issuna alimwambia bibi, "Huo ugonjwa ni wa wakubwa wa serikali wenye vitambi. Huyu mjukuu wako ameupatia wapi, hata baiskeli hana?" Bibi alicheka mpaka akalia, halafu akalia kweli.

Shangazi yako ndiye aliyenunua simu ya tachi. Nesi wa kliniki akaniwekea programu ndani yake, nikipima naandika namba, programu inachora mstari, kijani ikiwa nzuri na nyekundu ikiwa mbaya. Shangazi yako akafungua grupu akaliita Afya ya Anjelina, akaingiza ndugu wa kwao wote na sisi wawili watatu wa huku. Alisema wanaochangia dawa wana haki ya kuona. Hilo sikulipinga na mpaka leo silipingi. Nilituma mstari kila asubuhi kabla ya uji. Baadaye akataka na picha ya kipimo chenyewe. Baadaye tena akataka kipimo kiwe mkononi mwako, "ili tuone na vidole vya mtoto."

Nakumbuka asubuhi iliyotoka kumi na sita, nyekundu. Sikuwa nimeweka hata simu chini.

"Kumi na sita. Jana amekula nini huyu?" Huyo ni shangazi yako.

"Wali labda," akaandika baba yako mkubwa. "Salome, kidato cha nne chote hicho na kupima wali kunakushinda?"

"Vijijini mtoto akilia anapewa chochote."

"Msimlaumu jamani, naye ni mtoto."

Huyo wa mwisho alidhani ananitetea. Nilikuwa nimekaa jikoni, sufuria ya uji inachemka, watu ambao hawajawahi kukuona ukitetemeka wanajadili mkono wangu na kijiko changu, na mimi nakoroga huku nasoma. Wewe ulikuwa unanitazama usoni ujue kama umekosea. Hapo ndipo ulipoanza kuiogopa namba. Uliniangalia mimi, ukaona naogopa, na mtoto huogopa anachokiogopa mama yake.

Mmoja wao, simtaji kwa sababu hakuwa na nia mbaya, aliichukua picha yako umeshika kipimo akaipeleka kwenye grupu la wazazi wa shule yenu, akaandika tumwombee mtoto huyu. Wazazi wakakuombea. Watoto wao wakaja darasani na kikombe cha chai. "Anje, hebu chovya kidole humu, kwetu sukari imeisha." Ulicheka pamoja nao. Uliporudi ulinisimulia kwa kucheka, ukala, ukaosha sahani yako, halafu ukauliza kama picha ikishatumwa inaweza kurudishwa. Nikasema nitamwambia shangazi yako. Nilikaa na ile simu jioni nzima, naandika, nafuta. Sikumwambia. Nilihesabu kwamba mtoto akichekwa haumwi.

Kisha ikaja asali. Kaka yake bibi alitoka Mitundu na dumu la asali, na wewe ulikuwa na kikohozi kikavu. Nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta kijiko kiko mdomoni mwako.

"Mama, hiyo ni sukari," nikamwambia bibi.

"Sukari inatoka dukani," akasema. "Hii inatoka porini. Ni dawa. Umewahi kuona nyuki ana kisukari?"

Huku kwetu hakuna anayeweza kubishana na asali. Mtoto akizaliwa anaonjeshwa, mzee akikohoa anapewa, kidonda kinapakwa. Bibi angekula kiapo mbele ya mchungaji kwamba asali na sukari hazijuani. Asubuhi nilipokupima ilitoka ishirini na moja. Nikakuandalia dawa yako kama tulivyoelekezwa, hilo sikukosea. Kilichobaki kilikuwa picha.

Wiki iliyotangulia shangazi yako alikuwa ameandika grupuni, mbele ya watu wote: "Nikisikia tena mama amempa mtoto kitu, nakuja kumchukua." Mama, hapo, alikuwa ni bibi. Nikaona kabisa itakavyokuwa. Bibi atatukanwa na watu wanaomwita mama, na wewe utaondoka. Nikabadilisha kile kijikaratasi cha kipimo, nikajitoboa kidole changu. Ikatoka tano na nukta mbili. Nikakuwekea kipimo mkononi, nikapiga picha, nikatuma.

Utakumbuka ulichosema. "Mama mdogo, hii ni namba yako au yangu?"

Nikasema, "Yetu."

"Basi leo sisi ni wazima," ukasema, ukakimbia kwenda kuwafungulia kuku.

Grupuni walituma mikono ya kupiga makofi. Baba yako mkubwa akaandika Mungu ni mwema. Shangazi yako akaandika, "Hongera mama mdogo, umeanza kuelewa." Mwanangu, sikuwahi kupongezwa na mtu wa kwenu tangu umezaliwa. Niliisoma ile meseji zaidi ya mara moja. Nilikwenda kufua nikairudia kichwani. Ningependa kukuambia nilidanganya kwa ajili ya bibi tu, na siku ile ilikuwa hivyo. Siku zilizofuata nilidanganya kwa sababu nilipenda kuitwa vile.

Mwanzoni nilikuwa nakupima wewe kwanza, nakupa dawa kwa namba yako ya kweli, halafu najipima mimi kwa ajili yao. Lakini vile vijikaratasi tulikuwa tunapewa vya mtu mmoja na sasa vilikuwa vinatumika na watu wawili. Vikaanza kupungua kabla ya siku ya kliniki. Hapo mtu mwenye akili angeacha kujipima mwenyewe. Mimi niliacha kukupima wewe. Nilikuwa nakutazama, nasema leo anaonekana vizuri, leo amecheka, leo amemaliza ugali, na sindano nakupimia kwa kukisia. Picha sikukosa kutuma hata asubuhi moja. Ukiniuliza nilikuwa namuuguza nani wakati ule, nilikuwa nauguza grupu.

Siku ya kliniki daktari aliichukua simu, akautazama mstari. Ulikuwa wa kijani kutoka mwanzo mpaka mwisho, umenyooka kama barabara ya lami. Akatabasamu. Akasema mama umefanya kazi nzuri, na kwa mstari huu dawa ya jioni imezidi, sukari itakuja kushuka sana, tuipunguze. Ulikuwa umekaa kwenye benchi miguu haifiki chini. Ulinigeukia. Ulikuwa unangoja niseme.

Daktari aliandika. Aliandika taratibu, nilikuwa na muda wa kutosha. Neno lenyewe lilikuwa fupi: hiyo si damu yake. Nililiweka mdomoni tayari. Nyuma yetu kulikuwa na foleni, na mama mmoja mnene aliyekuwa karibu na mlango alikuwa anasikiliza kila kitu, na nikaona aibu mbele ya mama yule ambaye simjui jina na sitamwona tena. Nikasema ahsante dokta. Tukatoka.

Wewe hukusema kwa sababu mimi sikusema. Mtu mzima hapo alikuwa mmoja. Nimesikia unaomba msamaha kwenye sala zako kwa ajili ya "kudanganya na mama mdogo." Acha. Ondoa hilo kwenye sala zako. Wewe uliambiwa shika, ukashika.

Yaliyofuata wewe huyajui kwa sababu hukuwa na fahamu. Tulikuwa tunapiga alizeti uwanjani. Ulikuwa umetapika asubuhi, nikasema ni yale maharage. Mchana ulikaa kwenye gunia, ukawa unapumua kwa nguvu na kwa haraka kama mtu aliyekimbizwa, na nilipokusogelea pumzi yako ilikuwa inanukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nikakuita, ukafungua macho, ukayafunga. Nilikimbilia kipimo. Hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba imepita pale kinapoweza kuhesabu. Bibi alikuwa anazunguka uwanja mzima anaita jina la mama yako. Hakuwa anakuita wewe, alikuwa anamwita Paulina.

Bodaboda alikuweka kati yetu, mimi nikiwa nyuma nimekufunga kwangu kwa khanga. Kichwa chako kilikuwa kinagonga kidevu changu kila kwenye shimo, na nilishukuru kila kilipogonga kwa sababu kilikuwa bado cha moto.

Hospitali nesi aliuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mama yake mdogo."

"Mwite mama yake."

"Ni mimi."

Daktari wa zamu aliomba simu. Aliutazama mstari wa kijani, akakutazama wewe na mirija yako, akautazama tena. Akaniambia bila kupaza sauti, "Mtoto aliyeko kwenye simu hana haja ya kulazwa. Nieleze kuhusu huyu aliyeko kitandani."

Nikasema. Nilisema mbele ya manesi, mbele ya wagonjwa wengine na ndugu zao, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Damu ile ni yangu, nimekuwa nikijipima mimi. Nesi mmoja aliweka mkono mdomoni. Daktari hakunigombeza. Alisema ahsante, sasa tunajua tunatibu nini, akaanza kutoa maagizo. Neno lilelile ambalo lingeniaibisha kidogo kliniki, sikulitoa mpaka lilipokuwa karibu kukuua.

Shangazi yako alifika kesho yake. Nilitegemea anipige, na hakunipiga. Alifua nguo zako zenye matapishi kwa mikono yake, pete yake kidoleni, akaanika, akarudi akakaa upande wa pili wa kitanda. Shangazi yako si mtu mbaya. Nimeiandika sentensi hiyo kwa shida, na nimeiacha hapo kwa sababu ni kweli. Angekuwa mbaya ningekuwa na wa kumchukia.

Kikao walikikalia hapa kwetu uliporuhusiwa. Mimi ndiye niliyepanga viti na kuleta chai. Ulipokuwa unatapika niliitwa mama. Kwenye kikao niliitwa mtoto. "Huyu binti bado ni mtoto, amemaliza shule juzi tu, tusimbebeshe mzigo usio wake." Walisema kwa upole sana. Kisha shangazi yako akashika simu, akapitisha zile picha moja moja watu waone, kipimo kiko mkononi mwako, kidole chako kidogo kimekunjwa, damu yangu ndani.

Hapo bibi akasimama. Akasema kama kuna mkosaji ni yeye, kwa sababu alikupa asali, na asali ile ilikuwa ya nyuki kabisa, hakuinunua dukani. Nikafumba macho nikingoja mvua ya matusi.

Walicheka, Anjelina. Baba yako mkubwa alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama na asali yake bwana." Shangazi yako mwenyewe alitabasamu, akamshika bibi mkono akamkalisha. "Kaa mama, hakuna anayekulaumu wewe." Kitu nilichokificha kwa damu yangu, kitu nilichokaribia kukuulia, kilikuwa kitu cha kuchekwa. Kama ningeituma ile ishirini na moja siku ile, wangefoka asubuhi moja, mchana wangecheka, na leo usingekuwa na begi.

Wakaniuliza kama nina la kusema. Nikasema hapana. Yaani hata baada ya hospitali, niliporudi kwenye viti na vikombe nilirudi kuwa yule yule. Ningeweza kusema niachieni, nimejifunza. Ningeweza kusema hata niruhusiwe kuja kumwona. Niliokota vikombe.

Sasa kesho unakwenda mjini Singida. Kuna hospitali karibu, kuna friji, dawa yako haitakaa tena kwenye chungu cha mchanga nyuma ya mlango. Shangazi yako anasema atakutafutia kile kipimo cha kubandika mkononi, kinachosoma chenyewe na kutuma chenyewe kwenye simu za watu. "Hicho hakina wa kukidanganya," alisema, na hakunitazama, na wote wakanitazama. Nilitaka kukichukia kile kitu. Lakini kama ungekuwa nacho mwaka huu, usingelala pale hospitali. Siwezi kukichukia kwa haki.

Ila nataka ujue kitakavyokuwa kuishi nacho. Watu watakujua kabla hujaamka. Utakuja kunywa chai na mtu mzima atakuwa ameshakunja uso kwa sababu ya kitu ambacho mwili wako umekifanya usingizini. Watasema umekula nini wakati hukula kitu. Wakati mwingine itapanda kwa sababu ya homa, au mtihani, au kwa sababu umetukumbuka, na hakuna mstari utakaoandika hivyo. Siku hizo utatamani kuwa na kidole cha mtu mwingine. Mimi nilikupa hicho kidole, kwa hiyo unajua kwamba kinawezekana. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuondoka kwako. Watoto wengine wenye ugonjwa huu watafundishwa na mama zao kujipima. Wewe mama yako alikufundisha jinsi ya kupata namba nzuri bila kuwa mzima.

Sina cha kukuomba kwa mamlaka, mamlaka yaliisha kwenye kikao. Nakuomba tu kama mtu aliyekubeba kiunoni. Ikitoka mbaya, sema ni mbaya. Wakifoka, waache wafoke, watu wanachoka kufoka haraka kuliko tunavyodhani. Hilo nimelijua baada ya kulilipia. Na ukijisikia vibaya huku kipimo kinasema uko vizuri, usikubaliane na kipimo. Paza sauti mbele ya mama mnene wa mlangoni na foleni yake. Na picha yako wakitaka kuituma mahali, waulize inakwenda kwa nani. Ukiona wanakasirika, uliza tena. Mimi sikuuliza hata mara moja, nikauacha ugonjwa wako utembee kijiji kizima, wewe ukiwa hujui kwa nini kikombe kimeletwa darasani.

Usimchukie shangazi yako kwa ajili yangu. Na usiogope kumpenda. Nitaumia, lakini hayo ni yangu.

Kuna mambo mawili hujaambiwa. Simu inakwenda na wewe, ni yake. Nimekwishazifuta picha zangu, zako nimeziacha. Na leo asubuhi, nilipokuwa nataka kutuma kipimo chako cha mwisho cha asubuhi, cha kweli, kumi na moja, nilikuta nimeondolewa grupuni. Hakuna aliyeniandikia neno. Nadhani waliona haina haja tena.

Kwa hiyo nitabaki na kitochi cha bibi, kisimu cha kupiga tu. Ukiweza kupiga, usinisomee namba. Niambie umekaa na nani darasani, mboga ilikuwa nini, kama kitanda kinalia ukigeuka. Nimekuandikia kurasa zote hizi kwamba wewe si namba, na ninaamini ni hivyo, na nataka na wewe uamini.

Lakini sitaki kukudanganya tena, hata kwa jambo zuri. Kesho kutwa, saa ya uji, watu wote wale wa kwenu watafungua simu zao na kujua umeamkaje. Mimi nitakuwa jikoni, sufuria iko motoni, sijui. Nitaitamani namba yako, hata iwe mbaya kiasi gani, kuliko sauti ya mtu yeyote, na hakuna atakayeona sababu ya kunitumia.

Nasikia bibi anakohoa njiani, mnarudi. Wacha niinuke nikuandalie kipimo cha jioni.

Ni mimi, mama yako mdogo,
Salome